Kitufe cha REC hakishuki, redio imekufa?

SWALI: Fundi habari za kazi. Baba yangu ni mtu mzima, mambo ya simu hataki kabisa, yeye na redio kaseti yake tu, sasa nataka nimrekodie taarab na kasida kutoka kwenye simu yangu. Nimechomeka waya pale palipoandikwa MIC, sauti imetoka inakwaruza na wimbo wa kwanza umekatwa mwanzo. Halafu kwenye sanduku lake nimekuta kaseti za zamani hazina maandishi, nikataka nirekodie humo, kitufe cha REC hakishuki. Redio imekufa? – Msomaji, Tanga

JIBU: Dada, redio yako nzima. Ila hizo kaseti za sandukuni nakuomba sana usizirekodie kwanza.

Shika moja, upande wa mkanda uwe chini, angalia juu kushoto. Utakuta kishimo, hapo palikuwa na kijiplastiki. Ndani ya redio kuna kijichuma kinapapasa hapo, kikikuta shimo kinazuia REC. Sasa kaseti tupu ya dukani inakuja na hicho kijiplastiki, kwa hiyo aidha hizo ni za muziki wa kiwandani au kuna mtu hapo kwenu alikivunja makusudi asije mwingine akafuta. Na wewe uko Tanga, unajua watu wetu walioenda Uarabuni zamani walivyokuwa wanatuma barua za kaseti, mtu anakaa na redio anaongea salamu za nyumba nzima mpaka upande unaisha, zingine wenyewe washatangulia mbele ya haki na sauti imebaki humo tu. Sikiliza pande zote mbili mpaka mwisho, usisikie kimya cha dakika mbili ukasema haina kitu, na muulize mzee. Ukishafuta ndo basi tena, hairudi.

Kama kweli tupu, ziba kishimo na selotepu, REC itashuka.

Hiyo sauti kukwaruza ni kwa sababu ya MIC, hapo pametengenezwa kupokea sauti ndogo mno ya maikrofoni, simu inapazidia. Hamishia AUX au LINE IN, kama ipo, na sauti ya simu usiifikishe mwisho, rekodi dakika moja usikilize halafu ndo uendelee. Kitufe cha sauti cha redio yenyewe usihangaike nacho, redio nyingi za nyumbani hakigusi kinachorekodiwa. Kabla ya yote futa hedi, yaani kile kichuma ndani ya redio kinachogusa mkanda, kwa kijiti cha pamba chenye spiriti, kikitoka na rangi ya kahawia endelea kufuta, uchafu huo unafanya sauti iwe kama imefunikwa blanketi.

Wimbo kukatwa mwanzo ni ile plastiki ya mwanzoni mwa mkanda, haishiki sauti, izungushe kwa kalamu ya Bic mpaka uone mkanda wa kahawia. Kaseti nunua ya dakika 60 au 90, ya 120 mkanda wake mwembamba mno, redio ya zamani itautafuna.