Akipishanisha saa, haitoshi?

SWALI: Shikamoo mfamasia. Mama yangu ana tatizo la moyo kupiga bila mpangilio na humeza warfarin kila jioni. Tangu aanze vidonge vya kitunguu saumu na ginkgo, damu inamvilia mikononi na fizi zinatoka damu akipiga mswaki. Anasema vya asili havina madhara, tena anavimeza asubuhi, mbali na dawa ya hospitali. Je, hilo linatosha? Au aache warfarin kwanza?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Warfarin asiiache. Aliandikiwa ili damu isigande moyoni, donge likaenda kuziba mshipa wa ubongo. Mkiisimamisha wenyewe mnamweka kwenye hatari ya kiharusi. Vya kusimamisha ni vile vidonge viwili, kisha leo au kesho apimwe INR, yaani kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda. Kwa tatizo kama lake, kwa kawaida hulengwa kati ya 2 na 3. Ikizidi, damu inachelewa mno kuganda. Akipata choo cheusi kama lami, au kichwa kikimuuma ghafla na vikali, au akianguka akajigonga kichwa, msingoje kipimo: mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo.

Kupishanisha saa hakusaidii, kwa sababu warfarin hukaa mwilini siku kadhaa. Asubuhi anapomeza ginkgo, ya jana na ya juzi bado zinafanya kazi. Kitunguu saumu kilichokolezwa kwenye vidonge kinaweza kudhoofisha chembe sahani, zinazowahi kuziba jeraha, na ginkgo nayo imehusishwa na kutokwa damu.

Kuhusu vya asili, mweleze mama hili: warfarin yenyewe ilitokana na utafiti wa majani ya malisho yaliyovunda, yaliyoua ng'ombe kwa kutokwa damu Kanada na Marekani miaka ya 1920. Mmea una nguvu ya kweli, ndiyo maana nauheshimu na kuuogopa.

Mwulize pia, kwa upole asije akaficha, kama anatumia St John's wort, mmea mwingine wa dawa. Huo hulichochea ini kuiondoa warfarin haraka, damu ikarudi kuganda. Tena athari yake huisha taratibu, kama wiki mbili baada ya kuuacha, na kiwango cha warfarin kikapanda. Kwa hiyo hata kuuacha lazima daktari ajue. Nendeni na chupa zote, hata zilizokwisha, lebo zisibanduliwe.