Mlozi, volkano na mwalimu mwenye majina mawili: majibu kwa wasomaji

Wiki mbili zilizopita niliandika hapa kuhusu filamu za safari ndefu, zile za wazee wenye fimbo na vijana waliotumwa mbali. Tangu siku hiyo simu yangu haijalala. Wanaoomba niwawekee filamu kwenye flashi mnisamehe, sina butiki. Hawa wengine nawajibu.

Yambo mzee. Sisi tuna Harry Potter ya Kifaransa. Shemeji yangu ametoka Kampala na ya Kiingereza. Kwetu yule mwalimu mwenye nywele nyeusi anaitwa Rogue, kwake anaitwa Snape. Tumebishana mpaka ugali ukapoa. Nani anasema kweli? (Katindo, Goma)

Pasheni ugali, wote mko sawa. Jean-François Ménard, aliyefasiri vitabu kwa Kifaransa, alibadilisha majina mengi, na filamu zikamfuata. Shule ya Hogwarts ikawa Poudlard. Snape akawa Rogue, neno ambalo Wafaransa humwitia mtu wa majivuno na ukali.

Kazi ngumu ilikuwa kwa yule adui mkuu. Katika filamu ya pili anaandika jina lake hewani, kisha herufi zinahama zenyewe na kutoa jina jingine. Kwa Kiingereza ni Tom Marvolo Riddle, zinatoa "I am Lord Voldemort". Kwa Kifaransa herufi hizo zisingetoa kitu, basi jamaa akabatizwa upya: Tom Elvis Jedusor, "Je suis Voldemort". Yaani muuaji anayetetemesha dunia nzima anaitwa Elvis! Nikifika hapo nacheka, na watoto wananinyamazisha.

Kwa nini Dumbledore, yule mkuu wa shule ya Harry, anabadilika sura katikati? (Majengo)

Richard Harris alifariki Oktoba 2002, akiwa amecheza mbili za kwanza. Kuanzia ya tatu, ya mwaka 2004, ni Michael Gambon. Mimi nabaki na Harris. Ukimtazama unaamini ni babu ya mtu.

Le Seigneur des anneaux (kwa Kiingereza The Lord of the Rings): wale tai wakubwa wanakuja kumchukua Frodon (Frodo) mwishoni. Si wangempeleka tangu mwanzo tukalala mapema? (Birere)

Pete ambayo Frodon alitumwa kuitupa kwenye volkano ilifika kwa sababu hakuna aliyemhesabu mtu mfupi anayetembea kwa miguu. Tai wa ukubwa ule angani, mbele ya Jicho la adui lisilolala na wale wapanda-mabawa wake weusi, ni sawa na kupita kizuizi cha barabarani ukiwa na fanfari, bendi ya matarumbeta, juu ya gari. Wanapokuja mwishoni, pete imekwisha kuyeyuka na Jicho limezimika. Lakini nakubali, filamu ilipaswa kutuambia hivyo yenyewe, hata kwa sentensi moja. Saa zaidi ya tisa za filamu tatu, nafasi ilikuwepo.

Wale wafupi kama Frodon ni watoto, au ni kompyuta? (Bukavu, Kadutu)

Ni watu wazima wa kimo cha kawaida, na mara nyingi ujanja wenyewe ni umbali tu. Mwongozaji Peter Jackson alipiga picha hizo New Zealand, kuanzia Oktoba 1999 hadi Desemba 2000. Gandalf, yule mzee mwenye fimbo, anapokunywa chai mezani, amekaa karibu na kamera, na upande wake wa meza ni mdogo. Mwenzake mfupi yuko nyuma zaidi, upande wa meza uliotengenezwa mkubwa. Kamera inaziunganisha pande mbili zikawa meza moja. Kamera ikitakiwa kusogea, kiti cha mmoja wao kiliwekwa juu ya jukwaa linalosogea nayo, ili jicho lisigundue. Penye shida kubwa zaidi walitumia watu wafupi kweli waliovaa nguo zilezile, na kompyuta pia.

Jumapili nilijaribu uani. Mpwa wangu, kijana mrefu kama mlingoti, nilimsimamisha hatua kumi nyuma. Binti yangu wa miaka tisa nikamweka karibu na simu, nami nikalala kifudifudi juu ya makoro, yale mawe ya lava, mbavu zikilia. Kwenye picha binti akawa jitu, kijana akawa wa kuwekwa mfukoni. Ila kitu hakikukaa sawa mpaka nilipogundua macho. Wakitazamana kweli, mmoja anageuka nyuma na uongo unaonekana. Inabidi kila mmoja azungumze na hewa, pale ambapo mwenzake angekuwa. Fikiria waigizaji wanaoulizana habari kwa upendo wote ule, na kila mmoja anaangalia ukuta.

Gollum, yule kiumbe mwenye tamaa ya pete, anaanguka kwenye lava, anazama polepole, pete inabaki juu. Sisi wa Goma tunaijua lava. Ni kweli hiyo? (Ndosho)

Swali hili nililingoja. Filamu ya kwanza ilitoka Desemba 2001. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano yetu, Nyiragongo, ikashuka, ikapita katikati ya mji hadi ziwani. Hapa hatuhitaji kusimuliwa.

Filamu imegeuza mambo juu chini. Lava ni jiwe lililoyeyuka. Kwa kipimo kilekile ina uzito zaidi ya mara mbili ya maji, na mwili wa mtu unakaribiana na maji. Basi Gollum angebaki juu akiungua, asingezama kama mtu aliyeingia kwenye uji. Pete ndiyo ingezama, maana dhahabu ina uzito mara kadhaa ya lava. Na isingechelewa kuyeyuka: dhahabu inayeyuka kwenye nyuzi 1,064, na lava ya basalti kwa kawaida inafika 1,100 au zaidi. Lakini pete ile ina mambo yake, tuiache.

Aliyenikera mimi ni Frodon mwenyewe. Ananing'inia kwenye ukingo, lava iko chini ya miguu yake, na hata nywele haziungui. Aliyesimama karibu na mto ule wa 2002 anajua uso ulivyouma ukiwa bado mbali, na pumzi ilivyokatika.

Mwanangu wa miaka saba anachukua kijiti, anasema maneno ya Harry. Dada mmoja wa kanisani ameniambia mtoto ameingiwa, niache kumwonyesha filamu za walozi. Nifanye nini? (Mama wa Himbi)

Mama, nimekaa na barua yako siku tatu.

Shida inaanzia kwenye neno. Mlozi kwetu ni mtu anayekula wenzake usiku. Ukisema "filamu ya walozi", jirani anasikia hilo, hasikii kingine. Hata Kifaransa kinatenganisha: Harry ni sorcier, Gandalf ni magicien. Sisi wote tunawatupa kwenye gunia moja. Tolkien, aliyemtunga Gandalf, alikuwa Mkatoliki wa misa. Katika hadithi yake mzee huyo ni mjumbe aliyetumwa kusaidia, aliyekatazwa kutawala watu kwa nguvu. Frodon anapompa pete, Gandalf anarudi nyuma kwa hofu. Mlozi gani anakataa nguvu anayopewa bure? Harry ni tofauti, pale uchawi ni somo la darasani kama hesabu, na mzazi asiyeupenda ana haki yake. Mimi kwa miaka saba ningeishia filamu mbili za kwanza, nikiwa nimekaa pembeni yake. Ya tatu ina viumbe wanaonyonya furaha ya watu. Binti yangu alilala na taa wiki nzima.

Lakini kijiti si kosa. Jana kilikuwa bunduki, kesho kitakuwa usukani wa chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao. Kinachonitisha ni yale maneno ya dada. Sheria ya Kongo ya ulinzi wa mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, inakataza kumtuhumu mtoto uchawi, na anayemtesa mtoto kwa tuhuma hiyo anaweza kufungwa. Nenda kwa dada huyo mapema, mkiwa wawili, kwa heshima, umwambie asilirudie. Neno hilo likizunguka parsela, nyumba hadi nyumba, filamu utaizima lakini neno hutalizima.

Na sisi hatuna za kwetu? (Lubumbashi, komini ya Kenya)

Watoto waanze na Kirikou, ya 1998. Imetengenezwa na Mfaransa, Michel Ocelot, lakini alikulia Guinea na inaonekana. Mtoto anayezaliwa akiwa anaongea anakwenda kutafuta kwa nini mchawi Karaba ni mbaya, na anakuta mwiba uliochomwa mgongoni mwa Karaba na wanaume. Wakubwa watafute Yeelen ya Souleymane Cissé wa Mali, iliyopata tuzo ya majaji Cannes mwaka 1987: kijana mwenye nguvu za siri anamkimbia baba yake mwenye nguvu zilezile, ambaye anataka kumuua. Inakwenda polepole, msiitazame mkiwa na njaa. Ni ya Kibambara yenye maandishi ya Kifaransa chini, kwa hiyo bibi atahitaji mtu wa kumsomea. Kwetu kazi hiyo ni yangu, na bibi hulalamika kwamba nasoma wakati watu wako kimya.