Majani ya uwanjani wakati wa masika

Dada yangu, umeuliza kuna ubaya gani kuyaacha majani ya uwanjani yarefuke masika yote, uyafyeke mara moja mvua zikikatika. Ubaya upo, na mkubwa ni mbu. Kweli hawazaliani kwenye majani, lakini mchana hujificha humo kwenye kivuli na unyevu. Tena majani marefu yanakuficha usivione vifuu na makopo yaliyojaa maji. Mbu wa dengi anatosheka na kifuu kimoja, na toka yai mpaka mbu anayeruka ni kama wiki moja hadi mbili tu. Ukingoja mpaka Juni, umeshafuga vizazi kadhaa hapo mlangoni, na watoto wanacheza papo hapo.

Nyoka, tandu na panya sina haja ya kukueleza, hasa kama choo kiko nje.

Ukoka wenyewe pia unaumia. Ukirefuka, chini hukosa jua na mabua huwa manjano. Ukiufyeka wote siku moja unabaki na vipara, na magugu yaliyokwisha kumwaga mbegu ndiyo yatakayowahi kuota.

Kata kidogo kidogo, usizidi theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Machi hadi Mei huenda ikawa kila wiki. Subiri jua lipige majani yakauke. Kabla hujaanza, pita na fimbo ndefu, na kila kifuu utakachokiona kiokote au kifudikize.