Wewe wa Nachingwea, hayo mate ya kupima jeni usiyatume!

Mkuu, simama hapo hapo. Umesema mwanao wa miaka tisa akishika kikombe vidole vinachelewa kufunguka, na kuna wakala anakuuzia "kifurushi cha jeni zote za misuli". Unauliza kama bei ni ya haki, kama bima italipa, na mtoto afanye mazoezi gani. Bei iache kwanza.

Mimi wa Newala, vidole vinanikwama tangu ujana. Siku ya posa nilimpa mkono baba mkwe nikashindwa kumwachia, mzee akadhani ni adabu iliyopitiliza. Mke nilipewa, kwa hiyo hapo silalamiki.

Msimu mmoja hela ya korosho ilipoingia, nikampa wakala wa maabara ya nje milioni mbili na ushee. Kijana ana tai, ana laptop: "Mzee, hiki kinasoma kila kitu." Majibu yakarudi kurasa kumi na nne, hakuna kasoro. Nikachinja mbuzi. Kweli kabisa, nilichinja.

Mwaka uliofuata nikapasuliwa ngiri. Mtu wa nusu kaputi akaniuliza kama nina ugonjwa wa misuli. Mimi na karatasi yangu: hapana, nimepima jeni zote! Wakanichoma suksamethoniamu, dawa ya kulegeza misuli ambayo kwa wenye ugonjwa wangu huikaza. Taya likafunga kama komeo, kifua kikagoma kupokea hewa. Nilizinduka kesho yake na mpira kooni, mke wangu pembeni ananisomea Yasini. Madaktari siwalaumu, niliwapa uongo uliopigwa muhuri.

Dar, daktari wa mishipa ya fahamu hata karatasi hakuitazama. Alinigonga nyama ya chini ya dole gumba kwa kinyundo, dole likajikunja likabaki huko huko. Sindano ya EMG, kipimo cha umeme wa misuli, ilipoingia msulini, mashine ikalia kama bodaboda inayovutwa mafuta na kuachiwa. Akauliza kama kuna mtu kwetu alipata mtoto wa jicho mapema. Mama, kabla ya miaka arobaini! Kumbe nayo ni dalili ya ugonjwa huu huu, wa kurithi. Yule wa tai hakuwahi kuniuliza habari za mama.

Kumbe kipimo changu kilikuwa kinatafuta herufi za jeni zilizokosewa. Kwangu hakuna iliyokosewa: kwenye jeni ya DMPK ni herufi tatu, CTG, zinajirudia kama kaseti iliyokwama. Mtu wa kawaida hazizidi 34, kuanzia 50 ni ugonjwa wa misuli kukaza na kudhoofika (myotonic dystrophy), mimi nina zaidi ya 200. Hizo huhesabiwa kwa kipimo chake maalumu. Jambo hili linajulikana tangu 1992, kijana alikuwa na muda wa kutosha kulisikia. ECG nayo ikaonyesha umeme wa moyo wangu unachelewa, na mimi nimekaa miaka miwili najiona mzima.

Huenda mwanao ana ile aina nyingine ya misuli kuchelewa kulegea, ya jeni ya CLCN1, aliyoiandika daktari Thomsen mwaka 1876 baada ya kuiona kwake na kwa ndugu zake. Hiyo kusoma herufi kunaikamata. Lakini nani amekuambia ni ipi? Daktari amshike mkono kwanza, aandike jina la jeni, ndipo hela itoke. Na wakala umuulize leo: "DMPK mnahesabu marudio?" Ajibu kwa maandishi, siyo kwa simu. Akianza "kifurushi chetu kimekamilika", funga pochi. Akijibu, bandika hapa nisome.