Kabla ya kukimbia alfajiri, upe mwili muda wa kuamka

Ndugu wa Kisumu, umeuliza sisi wengine hufanya nini kati ya kitanda na mlango. Wewe huamka saa kumi na moja, unainama kugusa vidole vya miguu, unapiga sit-apu palepale sakafuni, kisha unatoka mbio kuelekea Dunga, ufuoni mwa Ziwa Victoria, na kiuno kinakuuma hadi mchana. Waliotangulia kukujibu wametaja kahawa na muziki. Mimi nakimbia Nakuru, alfajiri, miaka mingi sasa, na sioni kama umekosa hamasa. Unautoa mwili nje kabla haujaamka.

Anza na huo mgongo. Kati ya pingili za uti wa mgongo kuna visahani laini ambavyo hunyonya maji usiku tukiwa tumelala. Ndiyo maana mtu huwa mrefu asubuhi kuliko jioni, kwa sentimita moja hivi. Visahani vikiwa vimejaa namna hiyo, kuinama kunavibana zaidi kuliko kungevibana mchana. Ukisimama na kutembea, uzito wa mwili wenyewe huyakamua maji hayo polepole, na sehemu kubwa ya nafuu hupatikana ndani ya saa ya kwanza. Kwa hiyo kugusa vidole na kupiga sit-apu mara tu ukitoka kitandani ni kuutwika mgongo mzigo wakati ambao hauwezi kuubeba vizuri. Sikuambii uyaache mazoezi hayo. Yapeleke jioni, au baada ya mbio. Jaribu hili kabla hujanunua raba mpya au mkanda wa kiuno. Na kama maumivu yanashuka hadi mguuni, au unahisi ganzi, nenda hospitali ukapimwe. Hilo si jambo la kushauriana hapa.

Kwangu mambo huenda hivi. Adhana ya alfajiri ikisikika kutoka msikiti wa mtaani, naketi ukingoni mwa kitanda. Sisimami papo hapo, kwa sababu ukiinuka ghafla damu hushuka miguuni na kichwa kinaweza kuzunguka. Hapo ndipo ninaposali mimi, maneno machache tu: namshukuru Mungu kwa pumzi, nawataja wanangu kwa majina. Sala hiyo naipenda kuliko kitu kingine chochote cha asubuhi, na siku nikiiruka mbio zenyewe hazinikai sawa.

Kisha jikoni. Nakunywa glasi moja ya maji ya uvuguvugu, taratibu, kwa kuwa usiku kucha tumepoteza maji kwa pumzi na jasho, na Kisumu kulivyo na joto wewe unapoteza zaidi yangu. Natia chai ya watoto motoni, naijaza kwenye thamosi, natoa sare zao, nafagia kidogo. Usizidharau kazi hizi. Ni nusu saa ya kusimama, kutembea na kujigeuza bila kuinama sana, na mgongo unahitaji hasa hilo. Tumbo nalo hupata nafasi ya kufanya kazi yake, na mkimbiaji yeyote anajua maana ya kuondoka nyumbani kabla ya kwenda msalani.

Kahawa ni hiari. Anayeitaka aelewe kwamba nguvu yake hufika kileleni kati ya nusu saa na saa nzima baada ya kuinywa, hivyo kuigugumia ukiwa tayari mlangoni hakukusaidii mwanzoni mwa mbio. Chakula sihitaji kwa mbio za dakika 30 au 40, kwa sababu akiba ya sukari iliyo kwenye misuli haiishi usiku. Inayopungua sana ni ile ya kwenye ini. Jumamosi tunapopanda mlima Menengai kwa kundi, naila ndizi mbivu moja, maana kilele kiko mita 2,278 na njia ni ya kupanda mfululizo. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge asifuate mfano wangu wa tumbo tupu. Apange na daktari wake kwanza.

Nguo naziweka kitini tangu jioni. Basi.

Sasa kupasha mwili joto. Usidhani joto la Kisumu linakusamehe hatua hii. Joto la ndani ya mwili huwa chini kabisa kabla ya mapambazuko, uwe kando ya ziwa au huku kwetu kwenye baridi ya Julai, na misuli isiyo na joto hujikunja na kujikunjua kwa uzito. Tembea dakika 5, bembeza miguu mbele na nyuma, inua magoti, kisha kimbia polepole mno. Wakimbiaji mashuhuri wa mji wa Iten, ambao wanaishi kwenye mwinuko wa mita 2,400 hivi na wana kasi ya kutisha, huanza mbio zao nyepesi za asubuhi kwa mwendo ambao hata mgeni anaweza kuandamana nao. Wao wana haki yote ya kujivuna, na bado hawaanzi kwa kasi. Kunyoosha misuli kwa kuikaza na kuishikilia muda mrefu kuache hadi umalize; kukifanywa kabla hupunguza nguvu kidogo.

La mwisho ni njia yako. Ikweta inapita Maseno, hapo karibu nawe, kwa hiyo mwaka mzima jua lenu huchomoza kwenye saa kumi na mbili na nusu, likisogea robo saa tu mbele au nyuma. Ukitoka saa kumi na moja na dakika chache unakimbia gizani, bodaboda nyingine hazina taa, na viboko wa Dunga hutoka ziwani usiku kula nyasi, kisha hurudi majini alfajiri. Kiboko akikukuta kati yake na maji hakupishi. Kwa hiyo endelea kuamka saa ileile, ila saa ya kwanza itumie nyumbani, utoke kukiwa kumepambazuka. Kama kazi inakulazimu kutoka mapema zaidi, tuambie unaishi upande gani, wenyeji wakutajie barabara yenye taa iliyo mbali na ufuo.