Kiwanja cha kifusi: chimba mpaka uuone udongo wa asili

Mkuu, usimlipe huyo dalali leo. Umeandika kiwanja anachokuuzia kiko ukingoni mwa bonde, kilijazwa kifusi zamani, fundi amechimba shimo moja mbele akakuta pagumu, na sasa unauliza kibali, msingi wa mawe au wa nguzo, nondo za milimita ngapi, na kisima ukiweke upande gani. Niliposoma habari ya hilo shimo moja mwili ukanisisimka. Mimi niliambiwa hivyohivyo.

Changu kilikuwa Dar, bondeni pia. Fundi alichimba karibu na barabara, sururu ikagonga changarawe nyekundu, akasema hapa unapandisha hata ghorofa mbili. Msinicheke, kwa shimo lile hata nyinyi mngeamini. Nyuma, ambako hakuna aliyegusa, palikuwa na shimo la zamani la wachimba mchanga. Lilijazwa taka za mtaani, kisha juu wakamwaga kifusi cha nyumba zilizobomolewa na udongo mwekundu safi wa kuvutia mnunuzi. Muuzaji alijua! Mzee jirani alikuja kunisimulia historia hiyo nyumba ikiwa imeshafika lenta.

Masika ilipoingia, kona ya nyuma ikashuka. Ufa ukaanzia pembe ya dirisha ukapanda kimshazari, mlango wa jikoni ukagoma kufunga. Nyumba ikishuka yote kwa usawa inaweza kuvumilia. Kinachopasua ukuta ni upande mmoja kukalia udongo wa asili na mwingine kukalia taka zinazooza na kusinyaa mwaka hadi mwaka. Fundi akaleta dawa yake: tuongeze nondo, tumwage zege nene. Tukamwaga. Uzito ukazidi juu ya ardhi ileile mbovu, kona ikazidi kuzama. Hela ya bati yote ilizikwa pale, na mwisho tukabomoa nusu ya nyuma. Nikimsikia fundi anasema "nina uzoefu wa miaka 20, udongo naujua kwa macho", damu inanichemka mpaka leo. Alipata wapi macho ya kuona mita tatu chini?

Kwa hiyo chimba kila kona na katikati, na uanze na kona ya chini kabisa ya kiwanja. Kila shimo lazima livuke kilichojazwa na liingie kwenye udongo wa asili, usio na kipande cha tofali, kioo wala mfuko wa nailoni. Ila usimshushe kibarua kwenye shimo refu la kifusi, kuta zake humwagika bila kuonya. Kama hujafika udongo wa asili, ita watu wa mashine ya kuchoronga. Wanaangusha nyundo ya kilo 63.5 kutoka sentimita 76 na kuhesabu mapigo ya kuzamisha bomba la kupimia sentimita 30. Yakiwa chini ya manne, ardhi hiyo imelegea kabisa, usiiwekee ukuta.

Waulize na wazee wa mtaa palikuwa na nini. Huku Dar, dampo la Jiji limewahi kuwa Tabata, Vingunguti na Mtoni kabla ya kwenda Pugu Kinyamwezi, bado hujahesabu mashimo ya mitaani ambayo hayakuandikwa popote.

Kisima, achana nacho kwanza. Maji yanayopita kwenye taka yanaweza kubeba nitrati na risasi, na kuchemsha hakuondoi hata kimoja. Peleka sampuli ya maji na ya udongo kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Halafu kuna gesi. Taka zikioza chini bila hewa hutoa methani, nayo hulipuka kwa cheche tu ikifikia asilimia 5 hadi 15 hewani. Kule Loscoe, Uingereza, Machi 1986, mgandamizo wa hewa ulishuka ghafla, gesi ya dampo ikapenya kwenye nyufa za miamba ikaingia chini ya nyumba ya watu na kuilipua. Nyumba yenyewe haikuwa hata juu ya dampo, ilikuwa jirani tu.

Ukishachimba ile kona ya chini, weka picha hapa ya ukuta wa shimo toka juu hadi chini, futi ikionekana. Kabla ya hapo usizungumze nondo na mtu yeyote.