Kwa nini shaba ipachikwe juu ya kaboni

Yaya, umeuliza kwa nini tusimwage tu unga wa shaba, maana hapa Lubumbashi haikosekani, ndani ya gliseroli ili tupate asidi laktiki, ile asidi ya maziwa ya mgando. Gliseroli ni kile kitu cha utelezi kilichomo katika maji yanayobaki chini ya sabuni ya mawese ukishatia chumvi. Shida ni uso. Kazi ya metali hufanyika usoni mwake. Chembe za nanomita chache (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita) zina uso mkubwa ajabu, lakini kwenye nyuzi 200 hivi zinagandamana, zinakuwa bonge. Kaboni inazishika zisikutane. Metali huinyang'anya gliseroli hidrojeni, soda kali inamalizia kuigeuza laktati, yaani chumvi ya asidi laktiki (ndiyo, soda ileile ya sabuni!), kisha unatia asidi upate asidi laktiki. Platini haihitaji joto kali hivyo, ila bei yake, weee!